Ahadi Iliyotolewa Baharini



Zaburi ya 15 ina aya tano tu, nayo husomwa upesi makanisani mwetu, kwa kuwa ni fupi na kwa kuwa mambo yake twadhani twayajua. Mwimbaji anamwuliza Bwana ni nani atakayestahili kukaa katika hema yake, kisha anazitaja alama za mtu huyo: hasengenyi, hamtendei jirani yake ubaya, hali rushwa, hakopeshi kwa riba. Katikati ya alama hizo, mwishoni mwa aya ya nne, imo moja ambayo sijapata kuisikia ikihubiriwa peke yake. Mtu huyu ameapa, kisha mambo yamegeuka, naye anaona wazi ya kuwa kiapo chake kitamtia hasarani. Hata hivyo hakigeuzi.

Mwezi uliopita vijana wa kwaya waliniuliza swali. Walikuwa wametazama filamu ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ile inayoonyesha Wamarekani wakishuka ufukoni Ufaransa chini ya risasi, nao wakataka kujua: wale wakubwa wa Marekani, Rais Roosevelt, Jenerali Eisenhower na wenzao, walikuwa Wakristo? Je, tuwahesabu kuwa watu wa Mungu? Nikawaambia kwamba mwalimu mstaafu hajibu swali kama hilo kwa kusimama mlangoni, nitaandika.

Jibu fupi ni rahisi. Rais Franklin Roosevelt alikuwa Mwanglikana kama sisi. Kule Marekani kanisa letu huitwa Episkopali, naye alikuwa mzee wa kanisa katika parishi ya Mtakatifu Yakobo, Hyde Park, kwao New York. Alipooza miguu mwaka 1921 akiwa mtu mzima, akabeba mateso hayo hadi kufa bila kulialia mbele za watu. Siku majeshi yaliposhuka Normandy, tarehe 6 Juni 1944, aliliongoza taifa lake lote katika sala kwa njia ya redio. Sidhani alikuwa akiigiza.

Lakini jibu refu hatulipati Washington. Ili kulipata yatubidi twende kwanza Kondoa na Tengeru, mahali ambapo wengi wetu tumepita ndani ya basi bila kutazama nje. Kondoa iko kusini mwetu, ukiifuata ile barabara kuu ya zamani itokayo Babati. Tengeru iko kaskazini, nje kidogo ya Arusha, njia ya Moshi. Katika sehemu hizo mbili, na pia Ifunda, Kidugala na Morogoro, serikali ya Tanganyika ya wakati wa vita iliweka kambi za wakimbizi kutoka Poland. Tengeru ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote. Walikaa hapo watu wapatao 5,000, walio wengi wanawake na watoto, katika vijumba vya mviringo vilivyoezekwa majani. Walikuwa na shule, hospitali, kanisa na mashamba yao.

Walifikaje huku? Vita ilipoanza mwaka 1939, Hitler aliivamia Poland kutoka magharibi, na tarehe 17 Septemba Stalin akaingia kutoka mashariki. Wawili hao walikuwa wamepatana kuigawa nchi. Kuanzia Februari 1940 Warusi wakawazoa watu wa ile sehemu ya mashariki, wakulima, walimu, wake za askari, watoto wachanga, wakawapakia katika mabehewa ya mizigo wakati wa baridi kali, wakawapeleka Siberia na Kazakhstan. Wengi walikufa. Mwaka 1941 Hitler alipomgeukia Stalin, Warusi walihitaji marafiki, wakakubali kuwafungulia Wapolandi. Mwaka 1942 watu zaidi ya 110,000 walivuka kwenda Uajemi, wakiwa mifupa mitupu. Wanaume wenye nguvu waliingia jeshini chini ya Jenerali Anders. Wanawake na watoto wengi walipandishwa meli kuja Afrika Mashariki.

Basi mama aliyekuwa Kondoa mwaka 1943, akipika uji wa mahindi na kuwafundisha watoto wake kusoma Kipolandi, alikuwa na tumaini moja tu, kwamba vita ikiisha atarudi nyumbani. Tumaini hilo lilikuwa na msingi. Lilisimama juu ya ahadi.

Ahadi yenyewe ilitolewa baharini. Mwezi wa Agosti 1941, kabla Marekani haijaingia vitani, Roosevelt alikutana na Churchill, Waziri Mkuu wa Uingereza, katika ghuba moja ya Newfoundland, kila mmoja akiwa katika manowari yake. Jumapili tarehe 10 walifanya ibada juu ya sitaha ya manowari ya Kiingereza iitwayo Prince of Wales. Mabaharia wa mataifa mawili walisimama wamechanganyika, wakashika vitabu vya tenzi pamoja, wakaomba kwa sala zilezile tunazozijua sisi. Miezi minne baadaye meli hiyo ilizamishwa na Wajapani, na wengi walioimba siku ile wakafa maji. Tarehe 14 wakubwa hao wawili walitangaza maneno yaliyokuja kuitwa Azimio la Atlantiki. Walisema ya kuwa nchi zao hazitafuti kujiongezea ardhi. Ya kuwa hawataki mipaka ibadilishwe bila wenyeji wenyewe kukubali kwa hiari yao. Na ya kuwa kila taifa lina haki ya kujichagulia serikali yake.

Maneno hayo yalisomwa dunia nzima. Yalisomwa pia na Waafrika, na askari wetu wa King's African Rifles waliokwenda kupigana Burma waliyasikia yakisemwa. Churchill, alipoulizwa bungeni mwezi uliofuata, alieleza kuwa yeye alikuwa akifikiri hasa juu ya mataifa ya Ulaya yaliyotekwa na Hitler, si juu ya makoloni ya Uingereza. Roosevelt yeye, Februari 1942, alisema azimio lahusu dunia yote. Kwa hiyo watu wadogo wa kila nchi walimpenda Roosevelt. Wapolandi walimpenda kuliko wengi, na serikali yao iliyokuwa uhamishoni London ilitia sahihi pamoja na mataifa mengine, Urusi ikiwemo, kuunga mkono maneno hayo tarehe 1 Januari 1942.

Sasa nawaomba mnisome polepole, maana hapa ndipo penye jambo lenyewe.

Mwishoni mwa Novemba 1943 Roosevelt, Churchill na Stalin walikutana Tehran, mji mkuu wa Uajemi, nchi ileile ambayo wakimbizi wetu walipita mwaka uliotangulia. Stalin alitaka ile sehemu ya mashariki ya Poland aliyoichukua mwaka 1939 ibaki kuwa yake, na Poland ifidiwe kwa kusukumwa magharibi, katika ardhi ya Wajerumani. Tarehe 1 Desemba alikwenda chumbani kwa Roosevelt. Walikuwapo balozi wa Marekani, Averell Harriman, na mkalimani Charles Bohlen, ambaye aliandika yaliyosemwa, na ndiyo maana leo twayajua. Roosevelt alimwambia Stalin kwamba mwaka unaofuata kutakuwa na uchaguzi. Kwamba Marekani wapo watu milioni sita au saba wenye asili ya Poland. Kwamba yeye hangependa kupoteza kura zao. Na kwamba, kwa nafsi yake, anakubali mpaka wa mashariki wa Poland usogezwe magharibi, ila hawezi kulisema jambo hilo hadharani wakati huo.

Hapakuwa na Mpolandi chumbani. Wale waliofukuzwa katika ardhi hiyo, wengine wakiwa jeshini na wengine wakiwa katika vijumba vya majani Tanganyika, hawakuulizwa neno.

Alirudi kwao, na tarehe 11 Januari 1944 akaliambia Bunge la nchi yake kwamba katika mikutano ya Cairo na Tehran hakukuwa na mikataba ya siri wala ahadi za kisiasa. Mwezi wa Juni, Waziri Mkuu wa Poland, Stanisław Mikołajczyk, mtu aliyetoka katika chama cha wakulima, alikwenda Washington akapokewa kwa heshima na maneno matamu. Juu ya maneno ya Tehran hakuambiwa kitu. Mwezi wa Oktoba viongozi wa Wapolandi wa Marekani walipokwenda kumwona Rais ofisini kwake, walikuta ramani kubwa ya Poland imewekwa, yenye mipaka yake ya kabla ya vita. Wakafurahi. Mwezi uliofuata Roosevelt alishinda uchaguzi.

Siku mbili tu baada ya picha ile ya ramani, Mikołajczyk alikuwa Moscow mbele ya Stalin, Molotov, Churchill na balozi Harriman. Alishikilia kwamba hawezi kuitoa nusu ya nchi yake. Ndipo Molotov akamwambia: kwa nini wabishana, jambo hili lilikwisha kubaliwa Tehran, na Roosevelt naye alilikubali. Mikołajczyk akawatazama wale wengine ili wakanushe. Churchill hakukanusha. Harriman, aliyekuwamo chumbani siku ile ya Tehran, alinyamaza. Kabla ya mwisho wa Novemba Mikołajczyk alijiuzulu.

Nimefikiri sana juu ya kunyamaza kwa balozi yule. Hakusema uongo. Kila mmoja wetu amewahi kukaa katika kikao cha namna hiyo, cha ukoo au cha kanisa, ambapo mnyonge mmoja anageuza uso kumtafuta mtu wa kumwambia kweli, na watu wazima wote wanatazama viatu vyao.

Lakini tusimhukumu Roosevelt kwa pupa. Vita ile ilikuwa mzigo ambao hatuwezi kuupima. Jeshi la Urusi ndilo lililokuwa likibeba sehemu kubwa ya mapigano na Hitler, nalo ndilo lililokuwa likielekea kuingia Poland. Hakuna jeshi la Marekani ambalo lingeweza kufika huko kulizuia, na Roosevelt alitaka pia msaada wa Stalin dhidi ya Japani ili vijana wengi zaidi wasife. Katika mkutano wa Yalta, Februari 1945, alipokuwa mgonjwa na amekonda, alimwomba Stalin aurudishe angalau mji wa Lwów kwa Poland. Stalin alikataa. Mkuu wa watumishi wake wa kijeshi, Admirali William Leahy, alipoyasoma maneno ya mapatano juu ya Poland alimwambia kuwa yananyumbuka mno, Warusi wanaweza kuyavuta kutoka Yalta hadi Washington yasikatike. Roosevelt akajibu kwamba alijua, ila hayo ndiyo yaliyo bora awezayo kuwafanyia Wapolandi kwa wakati ule. Miezi miwili baadaye, tarehe 12 Aprili, alifariki.

Namwamini aliposema hivyo. Naamini hakuwa na uwezo wa kuitimiza ahadi yake kwa nguvu. Lakini Zaburi ya 15 haimwulizi mtu kama ana nguvu. Inauliza juu ya hasara. Roosevelt hakuwa na uwezo wa kuuokoa Lwów, lakini uwezo wa kusema kweli alikuwa nao. Angeweza kusimama mwaka 1944 na kusema: ndugu zangu Wapolandi, tuliwaahidi, nami sasa naona hatutaweza, nisameheni. Maneno hayo yangemgharimu kura, labda nyingi, labda chache. Gharama hiyo ndiyo aliyoikwepa, akawaachia walipe wengine. Walilipa akina mama wa Kondoa.

Neno la Mungu linatupa mfano mgumu zaidi katika Yoshua sura ya 9. Watu wa Gibeoni walikuja kwa Waisraeli na viatu vilivyochakaa, mikate iliyoota ukungu na viriba vilivyopasuka, wakidai wametoka nchi ya mbali. Wazee wakawaapia amani. Mwisho wa siku tatu, wakagundua kuwa watu hawa ni majirani tu, wamewadanganya! Kusanyiko zima likawanung'unikia wakubwa. Kama kuna kiapo ambacho mtu angekuwa na udhuru wa kukivunja, ni hicho. Wazee hawakukivunja. Tena katika sura ya 10, Wagibeoni waliposhambuliwa na wafalme watano, Yoshua alikwea usiku kucha kwenda kuwaokoa. Miaka mingi baadaye mfalme Sauli, kwa bidii ya kuwapendeza watu wake, aliwaua Wagibeoni. Soma 2 Samweli 21 uone njaa ya miaka mitatu ilivyoijia nchi katika siku za Daudi kwa sababu hiyo. Mungu aliwakumbuka Wagibeoni, wakata kuni na wachota maji, wakati ambapo kila mtu mwingine alikuwa amewasahau.

Vijana wangu waliniuliza pia habari za Eisenhower, nami nafurahi kuwajibu. Kabla ya siku ya Normandy yeye ndiye aliyekuwa na amri ya mwisho. Hali ya hewa ilikuwa mbaya, na wengine walikuwa na mashaka. Alipokwisha kuamuru waende, alikaa akaandika barua fupi kwa mkono, ya kutangazwa kama wangeshindwa. Aliandika kwamba askari walifanya yote ambayo ushujaa uliweza kufanya, na kwamba kama kuna lawama yoyote juu ya jaribio hilo, ni yake yeye peke yake. Akaitia mfukoni. Haikuhitajika, na baada ya majuma machache msaidizi wake akaipata. Mtu huyu alikuwa amejipangia hasara mapema, akaiandikia jina lake, wakati ambapo angeweza kuwaandalia lawama watabiri wa hewa.

Nao Wapolandi wenyewe je? Mwezi wa Mei 1944 jeshi la Anders, waume na kaka na wana wa hao waliokuwa Tengeru na Kondoa, waliuteka mlima wa Monte Cassino huko Italia baada ya wengine kushindwa, wakiacha wafu zaidi ya 900. Habari za Yalta zilipowafikia Februari 1945, walitambua kwamba wanapigania nchi ambayo nusu yake imekwisha tolewa. Anders alifikiri kuwaondoa vijana wake vitani. Mwishowe wakabaki, chini ya amri kuu ya jenerali wa Marekani Mark Clark, na tarehe 21 Aprili wakaingia Bologna. Kama mnatafuta watu walioapa kwa hasara yao wakakaa katika neno lao, mimi nawaonyesha hao.

Tarehe 5 Julai 1945 Marekani, chini ya Rais Truman, iliitambua serikali mpya ya Warsaw iliyowekwa na Warusi. Kwa mama wa Tengeru maana yake ilikuwa hii: kijiji chake sasa kiko ndani ya Urusi, ileile iliyompeleka Siberia. Arudi wapi? Wachache walikwenda Poland mpya. Wengine walitawanyika Uingereza, Kanada, Australia. Mwaka 1949 Padre Lucjan Królikowski aliwachukua yatima wapatao 150 kutoka Tengeru akawapeleka Kanada, huku serikali ya Warsaw ikilalamika kwamba watoto wake wameibwa. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 kambi ikafungwa. Yalibaki makaburi, yapata 150, nayo yapo mpaka leo na yanatunzwa. Walioandikwa humo ni watu waliozaliwa katika nchi ambayo ramani yake ilibadilishwa wakiwa kwetu.

Wahenga walisema wapiganapo tembo nyasi huumia. Mimi naona methali hiyo huwasamehe tembo upesi mno, maana tembo hajapata kuiahidi nyasi kitu.

Mtasema, haya ni ya Wazungu na Wazungu. Sivyo. Tengeru iko katika nchi ya Wameru, na mwaka 1951, Wapolandi wakiwa bado hawajamalizika kuondoka, Wameru wapatao 3,000 walitolewa kwa nguvu katika ardhi yao ya Engare Nanyuki ili wapewe walowezi. Wakamtuma Kirilo Japhet mpaka New York, mwaka 1952, kusimama mbele ya Umoja wa Mataifa, chombo ambacho Roosevelt huyohuyo alifanya kazi hadi kufa ili kiundwe. Alisikilizwa. Ardhi haikurudishwa wakati huo. Nasi wa Hanang hatuhitaji kuelezwa habari za mistari inayochorwa mbali. Katika miaka ya 1970 na 1980 mashamba saba makubwa ya ngano yalifunguliwa katika nyanda za Basotu na shirika la NAFCO kwa msaada wa Kanada, karibu ekari 100,000, katika malisho ya Wabarabaig. Taifa lilihitaji mkate, sikatai. Lakini matrekta yalipita juu ya makaburi ya wazee wao, makaburi ambayo kwao ni kama madhabahu. Yako makaburi ya wageni Tengeru yaliyotunzwa kwa uzio, na yako ya wenyeji Basotu yaliyolimwa. Mwalimu wa historia hawezi kuyaandika hayo mawili mbalimbali.

Sasa nije karibu zaidi, maana ni rahisi kumhubiri Roosevelt aliyekwisha kufa, kuliko kuhubiri habari za baba aliyeketi benchi ya tatu.

Mlima wetu ulipoporomoka, tarehe 3 Desemba 2023, na tope na magogo kuingia Katesh na vijiji vya jirani, watu wengi walikuja, na kila aliyekuja alisema neno. Wengine walileta walichosema. Waliofiwa walikuwa wamekaa chini, na mtu aliyekaa chini hivyo hushika kila neno kama kamba. Usimwambie mtu wa namna hiyo "tutakuwa pamoja nawe" kama wewe wamaanisha Jumapili hii tu. Heri useme: mimi nina debe moja la mahindi, chukua, sina zaidi. Atakushukuru, na hatakungoja dirishani.

Baba anamwambia binti yake kwamba akifaulu atampeleka sekondari. Anafaulu. Ng'ombe aliyetengwa ameuzwa kwa jambo jingine, na nyumbani panakuwa kimya. Hakuna anayemweleza mtoto. Anaachwa aelewe mwenyewe kufikia Januari. Au mjane anaambiwa na shemeji zake, siku ya matanga, mbele ya kasisi, kwamba shamba ni lake na watoto. Baada ya mwaka mmoja wanakaa kikao bila yeye na kuhamisha mpaka, kisha wanaendelea kumsalimia vizuri njiani. Hiyo ndiyo Tehran, wapendwa. Haihitaji majenerali.

Nami nadhani dhambi hapa huanza kabla ya kuvunja neno. Huanza pale tunapojua kuwa hatutaweza, na bado tunaiacha ramani ya zamani ukutani ili mwenzetu aendelee kufurahi. Kushindwa kutimiza si dhambi kila mara. Mvua hukataa, ng'ombe hufa, mtu huugua. Bwana wetu anajua umbo letu. Lakini kumwacha mtu akingoja kitu ambacho wewe umekwisha kukitoa moyoni, kwa sababu kumwambia kutakuaibisha au kutakukosesha kura yake, hilo ni jambo jingine. Bwana Yesu katika Mathayo 5 anatutaka ndiyo yetu iwe ndiyo, na siyo yetu iwe siyo. Aliyasema hayo kwa watu wa kijiji, wavuvi na wakulima.

Kwa hiyo, vijana, nawajibu hivi. Ndiyo, Roosevelt alikuwa Mkristo, mwenye imani na ushujaa mwingi, na dunia ina deni kwake kwa kumshinda Hitler. Katika jambo hili la Poland hakukaa katika neno lake, na hakuwaambia waliohusika. Muombeeni kama mnavyowaombea marehemu wengine wa kanisa letu, na msimfanye sanamu. Na mkienda Arusha kwa mkutano wa kwaya, mwombeni dereva asimame Tengeru nusu saa.

Kwa wazazi na wazee wa parishi nina neno moja la kazi. Daftari la ahadi za ujenzi na la mfuko wa wajane liko kwa mweka hazina. Lina majina mengi, mengine ya miaka mitatu iliyopita. Jumapili ijayo, baada ya ibada ya pili, mweka hazina atakaa ofisini hadi saa saba mchana. Anayeweza kulipa na alipe. Asiyeweza tena, aingie, aseme kwamba hawezi, ili jina lake lifutwe kwa heshima na mjane anayehesabu fedha hizo aambiwe wiki hiyohiyo.